Kahawa ya Bibi wa Bweranyange

Usinisikilize kwa kucheka. Haya yalinipata mimi mwenyewe, asubuhi, nikiwa na akili zangu timamu. Na rubisi, pombe yetu ya ndizi, sijawahi kuonja. Mimi ni mwanakwaya wa Kilutheri.

Tulitoka Kihanga akina mama kumi na mmoja kwenda kwenye tamasha la utamaduni Bweranyange, palipokuwa makao makuu ya wafalme wa Karagwe. Mwaka uliotangulia tulishika mkia, tukachekwa mpaka sokoni. Mama Koku, kiongozi wetu, alikuwa ameshasema, "Tukichekwa tena, kikundi basi." Na mpiga ngoma ni mimi. Unadhani nililala?

Kulipokucha, ukungu ulikuwa umefunika kilima cha Bweranyange tulikolala. Nikaigusa ngoma: ngozi imelegea kwa unyevu, ukiipiga inalia kama ndoo yenye nguo mbichi. Tungeikausha kwa moto upi, nazo kuni zote zimelowa? Nikaibeba, nikaenda nyuma ya migomba nilie peke yangu.

Huko nikamkuta bibi aliyevaa lubugo, lile vazi la gome la mti, ameketi kando ya moto. "Shikamoo bibi," nikamwamkia. Alininyooshea kijikapu cha kahawa ya kutafuna, kama tunavyomkaribisha mgeni kwetu. Kilikuwa kichakavu, cheusi, na nakiri nilisita. Lakini kahawa ya mwenyeji utaikataaje? Nikapokea kwa mikono miwili, nikatafuna.

Ndipo akasema, kwa Kinyambo cha zamani, "Mnaipiga kabla hamjaisalimu. Ngoma ni mtu mkubwa."

Akaizungusha juu ya moto, akapiga magoti, akaiamkia kama anayemwamkia mfalme. Akanirudishia. Niamini, ilikuwa na joto kama mtoto aliyetoka kubebwa mgongoni.

Nikageuka kumwita Mama Koku aje aone. Kugeuka tena, hakuna bibi, hakuna moto, hata jivu. Nyasi zimejaa umande palepale alipokaa. Nilitoka mbio, ngoma kifuani.

Zamu yetu ilipofika, nilipiga magoti mbele ya umati, nikaiamkia. Vijana wakaangua kicheko. Nikapiga pigo la kwanza, kicheko kikakatika. Ngoma ilinguruma mpaka wazee wakainuka vitini wakaanza kucheza! Tukawa wa kwanza. Nililia hadharani na sioni haya kusema. Mama Koku alinibeba mgongoni, licha ya goti lake bovu.

Tangu siku hiyo, kila nikiiamkia ngoma, ladha ya kahawa hunijaa mdomoni, hata kama sijatafuna kitu.

Nawe ukifika Bweranyange, ukanyooshewa kijikapu kichakavu, usikikunjie uso. Pokea. Na usigeuke kabla ya kushukuru. Mimi niligeuka, na asante yake bado ninayo.