Tumbo Langu kwa Jina Lake

Kabla sijaona chochote nilisikia viti. Viti vya plastiki vya kukodi vina mlio wao vinaposhushwa kwenye kirikuu, kile kigari cha mizigo: vinakwaruzana kwanza, kisha vinatua chini kwa kishindo chepesi, kimoja baada ya kingine. Nilikuwa bado uchochoroni, hapa mtaani kwetu Dunda, na ukuta wa jirani ulinificha mtaa. Viti hivyo hivyo huja kwenye harusi, na kwa hatua kama kumi nilijidanganya kwamba ni harusi. Lakini huku kwetu viti vya harusi havishushwi bila mwanamke wa kuwagombeza washushaji, na asubuhi ile hakuna aliyegombezwa. Nilipokata kona nikaona turubai linafungwa mbele ya nyumba ya bibi mmoja ambaye wasomaji wa safu hii wameshakutana naye mara kadhaa bila kujua. Kila nilipoandika "mzee mmoja aliniambia", mara nyingi alikuwa yeye. Nilimwita bibi, ingawa hatukuwa na damu moja. Wanawake waliokaa ukumbini walinipokea kwa maneno yale yale: alilala mzima, hakuamka, uzee tu, alhamdulillahi hakuteseka. Sikuyaamini. Nilikuwa na sababu ya kutoyaamini, na sababu yenyewe ilikuwa mimi.

Alitoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa nguo wenye asili ya Oman. Enzi za ujana wake nyumba ile ilijaa wifi, mashemeji na wageni wasiohesabika, na chakula kililiwa kwenye sinia moja, mikono sita au saba katika wali mmoja. Mumewe alifariki, wifi zake wakamfuata, na mwanawe wa pekee akahamia Dar. Bibi akabaki na nyumba, na sahani moja ndogo ya bati. Hapo ndipo shaka ilipomwingia, au labda ndipo ilipopata nafasi ya kukaa. Jirani akimletea futari alishukuru kwa maneno matamu, akafunga mlango, akawapa paka. Kucha zake alizifukia nyuma ya nyumba, na nywele za kichana alizichoma, kama walivyomfundisha wakubwa zake, ili zisiangukie mikononi mwa mwenye husuda. Mimi mwenyewe nilikunywa chai yake miezi mitatu kabla hajakubali kunywa yangu. "We mtoto unaandika," aliniambia siku moja. "Mtu anayeandika huchukua kitu cha mtu akaondoka nacho. Afadhali mwizi, huyo utamkamata nacho mkononi."

Mwaka jana akaja dada mmoja mwenye mkoba mgongoni, mtafiti, mpole wa kusema. Yeye na wenzake walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wazee. Nilikuwepo ukumbini siku hiyo. Alieleza vizuri, bila haraka, kwamba ndani ya utumbo wa kila mtu wanaishi bakteria wa aina nyingi mno, wengi wao wema, wanaotusaidia kumeng'enya chakula na kupambana na maradhi, na kwamba mtu akizeeka mchanganyiko wao hubadilika. Aina nyingine hupungua, nyingine huzidi mpaka. Wao walitaka kujua mabadiliko hayo yakoje kwa wazee wa pwani, na pia wangeangalia kama kuna minyoo au damu. Kwa hiyo, kwa heshima zote, waliomba choo kidogo, katika kichupa hiki hapa.

Bibi alikitazama kile kichupa kama mtu aliyeoneshwa nyoka.

"Choo changu?"

"Ndiyo, bibi. Kiasi cha kijiko tu."

"Mwende nacho wapi?"

"Maabara, bibi."

"Na huko maabara kitawekwa wapi? Kitatupwa wapi? Na nani?"

Dada yule alijibu yote. Bibi akamuuliza na ukoo wake, na mama yake anatoka wapi, kisha ghafla akatabasamu na kukubali. Ningepaswa kushuku pale pale. Alipoulizwa anakula nini alitaja mihogo, kunde, kisamvu, dagaa, maembe, mchicha. Nilidhani mzee anajitapa. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anasoma orodha ya vyakula vya lile sinia, vya nyumba iliyokuwa na watu.

Mgeni alipoondoka, bibi alinisogezea kichupa kwa ncha ya kidole. "Haya. Katoe wewe."

"Mimi, bibi?"

"Si wewe unayesema mambo ya husuda ni upuuzi? Basi kwako hayatapita. Na sikutukani, mwanangu. Choo ni choo."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akacheka, na kicheko chake kilikuwa adimu kiasi kwamba ningempa figo siku ile. Kesho yake asubuhi nilipita mtaani na kichupa ndani ya mfuko mweusi. Mama mmoja muuza vitumbua akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia dawa ya bibi. Sikuona ubaya. Niliona hadithi nzuri, na mtu wa kazi yangu akishaona hadithi nzuri huacha kuangalia kitu kingine.

Baada ya miezi michache karatasi ikarudi. Haikuonesha minyoo wala damu, na dada yule akaongeza kwa mdomo, macho yakimng'aa, kwamba bakteria wa bibi walikuwa wa aina nyingi kama wa mtu wa miaka ishirini na kitu. Wangependa kuja tena kumsikiliza. Habari ikaenea. Watu wakaanza kuuliza bibi anakula nini, anakunywa nini, anasoma dua gani. Mwanawe akaja kutoka Dar na, wasomaji, hapa ndipo kicheko kiliponikauka. Kumbe alikuwa amekuja kumchukua. Bibi alikuwa ameumwa tumbo mara mbili mwaka ule, na mwanawe alikuwa ameapa kwamba ikitokea ya tatu atamhamisha, apende asipende, na sasa alikuwa amesikia fununu ya hiyo ya tatu. Bibi akamkabidhi karatasi. "Soma," akasema. "Soma kwa sauti." Mwanawe akasoma, akacheka, akambusu mkono, akarudi Dar peke yake.

Wiki ile ile nilimkuta bibi ameinama kwenye kitanda cha kamba, ameshika tumbo. Pembeni palikuwa na kopo la biskuti lililojaa vidonge vya rangi mbili, vile vya kuua vijidudu, ambavyo alikuwa akiviagiza duka la dawa na kumeza kila tumbo liliponguruma, viwili leo, kimoja kesho, mpaka ajisikie nafuu. Alikuwa akiumwa tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Chakula chake halisi kilikuwa chai, mkate wa boflo na ndizi mbivu. Nikamwambia twende hospitali. Akasema hospitali watamwita mwanawe. Nikasema basi nimwite mimi. Akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu nisiyoitarajia. "Ukisema, umenihamisha. Kule nitakaa ghorofani, nitazame madirisha ya watu. Nimezaliwa humu, nimeolewa humu humu, nataka nitoke humu nimebebwa." Sikumwita, hata siku alizopiga simu ya bibi nikapokea mimi. Nilijiambia naheshimu uamuzi wa mtu mzima. Leo naushuku ule unyamavu wangu. Naona nilikuwa naogopa kuulizwa choo kilikuwa cha nani.

Tangu hapo nimesoma kidogo, kama asomavyo mwenye hatia. Yule dada hakutudanganya. Mzee anayekula vitu laini vya aina moja, anayemeza dawa za kuua bakteria bila kipimo, anayekaa bila kutembea na bila watu, huweza kupoteza wengi wa wale wema tumboni, na nafasi zao zikachukuliwa na wengine. Watu wanaoishi na kula pamoja huambukizana hata hao wema. Si umri peke yake unaobadilisha tumbo, ni maisha ambayo umri unatuachia. Nilipolifikiria hilo sikuweza kuutazama mtaa wetu kama zamani. Tumejenga kuta kwa matofali tuliyofyatua wenyewe, tumeweka vyuma madirishani, kila nyumba ina chungu chake na televisheni yake, na mzee anakula kwenye kona aliyowekewa. Bibi aliushuku mkono wa jirani ulioleta kunde na kisamvu, lakini hakukishuku kidonge cha mtu asiyemjua kabisa. Nisimcheke. Na mimi nimeshuku mengi maishani, waganga, wanasiasa, wachapishaji, lakini sikukishuku kitu kilichonifurahisha. Nimejifunza kwa kuchelewa kwamba shaka inayoelekezwa kwa wengine tu ni uvivu. Ya kwanza yatupasa tuielekeze pale tunapojiona wema.

Siku ya tatu ya msiba, baada ya khitma, yule mtafiti akaja kutoa pole. Alikaa na kina mama, akala kidogo, kisha akamuuliza mwana wa marehemu, kwa adabu, kama angeruhusu waendelee kuitumia sampuli ya mama yake, kwa kuwa ilikuwa ya pekee. Yule bwana akasema bila shaka, mama yake alikuwa na tumbo la kijana, karatasi anayo mpaka leo. Sikuweza kuvumilia. Nilimfuata dada yule barazani nikamwambia kila kitu, kichupa, mfuko mweusi, vidonge. Hakunifokea. Aliuliza tu, "Na yeye alikuwa anaumwa?"

"Ndiyo."

"Muda mrefu?"

"Miezi."

Alifumba macho kidogo. "Choo chake mwenyewe pengine kingeonesha kitu. Pengine kisingeonesha. Sasa hatutajua." Akavaa mkoba wake. "Namba ya sampuli yake nitaifuta mimi. Mwanawe mwambie wewe."

Nilimkuta chumbani kwa mama yake, anakunja kanga. Nilimwomba tukae. Hakukaa. Nikasema nikiwa nimesimama, na nilipofika kwenye kifundo cha mkono na yale maneno ya ghorofani, aliweka kanga chini.

"Kwa hiyo ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Nilikuwa nikipiga simu yake unapokea wewe, unaniambia yupo salama, anaota jua."

"Ndiyo, kaka."

Aliichukua tena ile kanga, akaikunja upya. Nilisubiri tusi, na ningelipokea. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeeleza jambo la nyumbani kwake.

"Sikumtafutia ghorofa mimi. Nilimjengea chumba chini, uani, kina mlango wake. Bafuni nimeweka vyuma vya kushikia, nimevipima kwa urefu wake. Nilitaka nimwoneshe akifika, nikaona nisimwambie kwanza." Akaipanga kanga juu ya nyingine. "Ningemwambia."

Nikaanza kusema samahani. Aliinua kiganja, akanizuia.

"Wewe unaandika, si ndiyo? Kaandike. Na wewe usijifiche humo ndani." Akachukua kofia yake kitandani, akaivaa, akaiweka sawa kwa mikono miwili. Adhana ya alasiri ilikuwa imeanza. Akatoka, akauvuta mlango nyuma yake taratibu sana, kama mtu anayemwacha mgonjwa aliyelala.