Mtoto Aliyemsubiri Mwanawe

Afisa ustawi wa jamii alimleta yule mtoto nyumbani kwangu Newala siku ya Jumanne, saa kumi jioni, nikiwa barazani nasahihisha madaftari ya hisabati. Alikuwa msichana wa miaka kama saba. Alivaa gauni la njano lililomzidi, na mkononi alishika mfuko wa rambo wenye kanga moja ndani. Siku mbili kabla, kundi la watu lilikuwa limevuka mto Ruvuma kukimbia mapigano upande wa Msumbiji, na yeye alikuwa kati yao. Kila mtoto mwingine katika kundi alikuwa na mtu wake. Huyu hakuwa na mtu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mjane, na wanangu wameshaondoka nyumbani. Mwaka mmoja nyuma nilikuwa nimejiandikisha kuwa mlezi wa kuaminika, yaani mtu anayekaa na mtoto wa namna hii kwa muda huku ndugu zake wakitafutwa. Nilipewa semina ya siku tatu na fulana. Mtoto mwenyewe sikuwahi kupewa mpaka siku ile.

"Mwalimu, jina tulilonalo ni hili," afisa aliniambia akinionyesha fomu. "Lakini sina hakika nalo. Aliyelitaja ni mama mmoja waliyetembea naye njiani."

Nilimwita mtoto kwa jina lile. Hakugeuka. Alikuwa anaangalia bomba linaloshuka kutoka kwenye bati langu hadi kwenye kisima cha maji ya mvua.

Tuliongea Kimakonde. Chake na changu havikulingana sana. Alifupisha baadhi ya maneno niliyoyarefusha, na shule aliiita shikola. Alipohesabu vikombe mezani alihesabu kwa Kireno, ung, doishi, treishi, kwa kasi, halafu akafika sita akakwama na kurudi mwanzo. Nami ninayefundisha hesabu nilitamani sana kujua nani alimfundisha na kwa nini aliishia sita. Nilimuuliza. Akasema shikola iliishia hapo.

Asubuhi ya pili aliniuliza swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa miaka hamsini na mbili. Tulikuwa tumesimama mahali ambapo uwanda wetu unakatika ghafla, na chini kabisa unaona bonde, na mbali zaidi upande wao.

"Mto uko kule chini," alisema. "Kwa nini nyinyi mnakaa huku juu kusiko na maji?"

Nilimwambia wazee wetu walipanda huku wakikimbia watu waliokuwa wakiwateka. Alifikiri.

"Wakachoka kushuka?"

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa ng'ambo ya ule mto, na nilipokuwa mdogo sikumuuliza hata siku moja alivukaje.

Siku ya tatu mtoto alikaa jikoni akichambua kunde, nikamuuliza anamsubiri nani. Tulikuwa tumefundishwa tusimuulize mtoto juu ya milio ya bunduki wala nani alikufa; hayo yangekuja yenyewe kama yangekuja. Lakini kuuliza anamtaka nani si kosa.

"Namsubiri mwanangu," alisema.

"Mwanao? Ana miaka mingapi?"

"Mkubwa. Ana ndevu."

Nilicheka, na yeye hakucheka. Nikadhani ni mchezo, kama watoto wanaobeba gunzi la hindi mgongoni na kuliita mtoto. Kwenye daftari nililopewa la kuandika mambo yake niliandika: anapenda kuigiza kuwa mama. Mpaka leo mstari ule unanitia aibu.

Usiku huohuo nilimpigia afisa simu. Nilikuwa nimempiga mtoto picha akicheka, nikataka niitume kwenye makundi ya simu ya walimu wa Masasi, Tandahimba na kwingineko. Niliona ni njia ya haraka.

"Usitume, Mwalimu," alisema. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mwanangu wa pili, na anaongea polepole. "Mtu akishaiona picha anajua sura, anajua gauni, anajua yuko Newala. Kesho anakuja hapa anasema ni wangu. Mimi nitamtofautishaje na ndugu wa kweli?"

Niliifuta. Nilikuwa sijafikiri kwamba watu wanaweza kuja kumdai mtoto asiye wao.

Siku ya tano alikuja mmoja. Ni yule mama aliyetaja jina kwenye fomu. Alifika ofisini kwa afisa, nami nikaitwa na mtoto. Mama mwenyewe alikuwa mpole, amechoka, ana mtoto mchanga mgongoni. Alisema huyu ni binti wa dada yake, na wote wanaelekea Masasi ambako ana jamaa. Alimletea mtoto kipande cha muhogo wa kuchemsha, na mtoto akakipokea na kula.

Mimi ningempa. Nasema wazi. Kama ofisi ingekuwa yangu, ningemkabidhi pale pale na kwenda zangu kufundisha.

Afisa alimkaribisha kiti, akamuuliza mambo madogo. Dada yako na watoto wake wanaitwa nani? Nyumba yao mlango unaangalia wapi? Mtoto huyu akiumwa analilia nini? Mama alijibu la kwanza, la pili akasita, la tatu akasema watoto wote wanalilia mama zao. Kisha afisa alimchukua mtoto pembeni, akachuchumaa.

"Yule ni nani kwako?"

"Ni yule mama. Tulitembea pamoja. Alinibeba palipokuwa na maji."

"Ni ndugu yako?"

"Ni yule mama," alirudia, kama mtu anayemweleza mwenzake asiyesikia vizuri.

Afisa hakumkaripia yule mama wala kumwita mwongo. Alimshukuru kwa kumvusha mtoto, akaandika anakokwenda, akamwambia ndugu bado wanatafutwa. Yule mama alimgusa mtoto kichwani, akatoka kwenda kituo cha basi. Mara nyingi nimejiuliza alimtaka kwa nini. Labda alitaka mtu wa kumshikia mtoto wake mchanga. Labda alikuwa amempenda tu, baada ya kumbeba mtoni. Nilimuuliza afisa anadhani nini. Alisema hajui, na kazi yake haimtaki ajue hilo.

Zikapita wiki mbili. Mtoto alijifunza kuhesabu hadi ishirini kwa Kiswahili, akamfundisha jirani yangu kusuka nywele kwa mtindo ambao hatukuujua. Kila basi la Tandahimba lilipopiga honi barabarani alinyanyua kichwa. Nilimuuliza kwa nini basi hilo, akasema mabasi yote ni hilo, hajui lipi litamleta mwanawe.

Siku ya kumi na tisa afisa alinipigia: kuna mwanamume ametoka Tandahimba, anasema ni mjomba. Alikuwa amevuka miezi mingi kabla, anafanya kibarua kwenye mikorosho ya watu. Habari ilimfikia kupitia ofisi ya kata, bila picha, kwamba kuna mtoto wa kike Newala.

Tulimkuta amekaa ukingoni mwa kiti, kofia mikononi. Mtoto nilimwacha kwa karani chumba cha pili ili wasionane kwanza. Afisa akaanza maswali yake. Mlango unaangalia barabara, alijibu. Ana kovu la moto nyuma ya goti la kushoto. Ana ndugu? Hapana, alisema, yuko peke yake.

Nikashtuka, maana mtoto alikuwa amenisimulia sana habari za mdogo wake wa kiume. Nilimtazama afisa. Yeye aliendelea kuandika.

"Nyumbani unamwitaje?"

Mwanamume aliinama, kama aliyeulizwa jambo la ndani mno.

"Namwita mama," alisema.

Afisa alinyanyua kalamu.

"Amerithi jina la mama yangu mzazi," mjomba alieleza. "Tangu azaliwe simwiti jina lake, siwezi. Namwita mama, na yeye ananiita mwanangu. Nyumbani kwetu wote tunamwita hivyo."

Mwanamume yule alikuwa na ndevu. Mimi mwenyewe nimerithi jina la bibi, na baba yangu aliniita mama mpaka alipofariki. Nilipaswa kulielewa neno la yule mtoto siku ileile jikoni. Nilimweleza afisa lote, pamoja na mstari nilioandika.

Akamwagiza karani amlete mtoto. Nilidhani atakimbia. Hakukimbia. Alitembea mpaka mbele ya yule mwanamume, akamtazama juu chini.

"Mwanangu, umekonda," alimwambia. "Unakula wapi?"

"Ninakula, mama," alijibu, na machozi yakamtoka.

Ndipo akamkalia mapajani, akawa mtoto wa miaka saba.

Kuhusu yule mdogo wa kiume, mjomba alikuwa ameondoka kabla hajazaliwa. Nilimuuliza afisa kwa nini jibu lile halikumtia wasiwasi. Alisema mtu aliyekuwa mbali lazima kuna asichokijua, na kwamba angeogopa zaidi kama mjomba angejua kila kitu. Hata hivyo hakumkabidhi siku hiyo. Alikwenda kwanza Tandahimba kuona mahali atakapolala mtoto na kuongea na majirani. Siku nne baadaye ndipo mtoto alipoondoka kwangu, na gauni la njano nikiwa nimelipunguza.

Likizo iliyofuata nilikwenda kuwaona. Nilimkuta mtoto uwanjani anacheza rede, anakwepa mpira, na ilibidi nisubiri mpaka atolewe. Mama yake amepatikana ng'ambo, yuko hai pamoja na yule mtoto wa kiume, wanaongea Jumapili mtandao ukikubali. Lini watavuka au yeye atarudi, hakuna anayejua.

Alikuja akitweta, akanisalimia shikamoo kama watoto wa hapa.

"Mwalimu, kitandani kwangu analala nani sasa?"

Nilimwambia wamekuja wavulana wawili, mtu na mdogo wake.

"Wanahesabu mpaka ngapi?"

Nilisema sijawauliza bado. Alinitazama kwa kunishangaa, kisha wenzake wakamwita, akarudi kucheza.