Dubu Anayegeuka Kabla ya Ukuta

Baba yangu alimwona dubu. Naanza na hilo kabisa, kwa sababu lilibishaniwa nyumbani kwetu miaka na miaka, na mimi kubishana nimechoka.

Tulikuwa tunaishi Mgololo, huko Mufindi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi. Baba alikuwa fundi mitambo, Mhehe wa Iringa, mzee wa kanisa, mtu mpole asiyependa makuu. Nikiwa shule ya msingi, usharika wetu wa Kilutheri ulialikwa na usharika rafiki wa Ujerumani, na baba akawa mmoja wa wajumbe. Aliporudi alileta chokoleti zilizoyeyuka njiani zikagandana, koti zito la kahawia alilopewa na mwenyeji wake, na habari ya dubu.

Simba kwetu hakuwa ajabu. Ruaha si mbali, na kila ukoo Iringa una mjomba aliyewahi kukimbizwa na simba. Tembo ndio usiseme, wanamaliza mahindi ya watu. Lakini dubu? Huyo tulimjua kwenye Biblia tu. Ndiye ambaye Daudi alimuua kabla hajakutana na Goliathi, na ndio wale waliowararua vijana waliomcheka nabii mwenye upara. Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili, tulipomuuliza anafananaje, alifikiri kidogo akasema ni kama fisi aliyenenepa. Kwa hiyo mtu aliyemwona dubu kwa macho yake tulimtazama kwa heshima.

Baba alimwona kwenye bustani ya wanyama, wenyeji wake walimpeleka siku moja baada ya ibada. Na hakuwa anasimulia kwa mdomo tu. Alikuwa ananyanyuka kwenye kiti, anavaa lile koti, anainamisha mabega, anatembea nyayo zikiangalia ndani, kutoka mlangoni kuelekea kwenye kabati la vyombo. Ila kabatini hafiki. Katikati ya sebule, mahali ambapo hapana kitu chochote, anasimama, anarusha kichwa begani, anageuka. Anarudi mlangoni, kisha anaanza tena, na akifika palepale anarusha kichwa na kugeuka.

"Anageuka kabla ya ukuta," alikuwa anasema. "Nafasi bado ipo, majani yapo, lakini yeye anageuka. Nilimtazama mpaka wenzangu wakaja kunivuta mkono."

Sisi watoto tulicheka mpaka mbavu zikauma. Akimaliza, anavua koti, anakaa, ananyamaza kidogo. Tulidhani amechoka.

Aliyetuharibia ni mtani. Huyu alikuwa jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mke wa fundi mwenzake baba, Mngoni wa Songea. Wahehe na Wangoni walipigana zamani, siku hizi wanapigana kwa mdomo, na yule mama mdomo alijaliwa. Asubuhi baridi ya Mufindi imekaza, ukungu hata choo hukioni, yeye yuko dirishani kwetu: "Mtumwa wangu, umeamka au nije nikuzike?" Baba naye ndani anajibu: "Rudisha kwanza ng'ombe wa babu yangu mliowaiba." Jioni anaingia bila hodi, anajimiminia chai, anavuta kiti. Na kila habari ya dubu ilipotajwa, alikuwa na swali.

"Hebu nieleze, mtumwa wangu. Huko Ujerumani, porini kuna dubu?"

"Porini hawapo," baba alijibu, maana kusema uongo hakuweza. "Mwenyeji wangu aliniambia waliwamaliza zamani."

"Aha! Porini hawapo. Na hapa kwetu?"

"Hapa hawajawahi kuwepo."

"Sasa mnyama asiye na kwao, wewe umemwona wapi? Umeona nguruwe kavaa koti, tena koti lenyewe ndilo hilo umemvua! Na Goliathi je, hamkupiga naye picha?"

Picha ilikuwepo, na ingekuwa heri isingekuwepo. Ilionyesha ukuta, majani, na mgongo wa mama mmoja wa Kijerumani. "Dubu alikuwa upande huu," baba alieleza, akionyesha nje ya picha, juu ya kitambaa cha meza. Mtani aliishika picha, akaisogeza kwenye taa, akamkagua yule mama.

"Kumbe dubu anavaa kofia," alisema. "Muongo wewe! Ulikunywa ulanzi kwenye ndege."

"Haya, tazama basi," baba anasema, ananyanyuka, anavaa koti, anaanza upya toka mlangoni.

"Na mnyama gani anageuka kabla ya ukuta?" mtani anapiga kelele, chai inamwagika. "Mjinga huyo!"

Wengine hawakumbishia baba. Mchungaji alisikiliza mara moja, akasema Bwana asifiwe, wakaendelea na habari za paa la kanisa. Mama alikuwa akimwambia chai inapoa. Mtani peke yake ndiye aliyekazana, na neno lake likatoka nje likazunguka nyumba zote za kiwanda. Shuleni wakaanza kuniita mtoto wa fiksi. Nilipigana, nikachanika sare, nikachapwa na mama juu yake. Kwangu mimi haukuwa utani hata kidogo. Baba yangu alikuwa mtu mkweli kuliko wote niliowajua, na mwanamke mmoja alikuwa amemfanya muongo mbele ya watu.

Miaka ikaenda. Baba alistaafu, akarudi kijijini Iringa. Mimi niliolewa Mbeya. Mtani alifiwa na mumewe, akahamia Uyole, hapohapo Mbeya, kwa binti yake, akaanza kuuza viazi sokoni. Tulikuwa tunasalimiana vizuri tu. Halafu baba akafariki.

Mtani alikuja msibani na basi la asubuhi, amejitanda kanga, analia kama wote. Nikasema afadhali, leo ameheshimu. Wapi! Tulipofika makaburini, kabla jeneza halijashushwa, alijitokeza amevaa koti la baba. Sijui nani alimpa. Ni desturi, najua, watani humwiga marehemu, na mwenye msiba haruhusiwi kukasirika. Lakini yeye hakuiga namna baba alivyosali wala alivyoendesha baiskeli. Alianza kutembea nyayo zikiangalia ndani, kutoka kwenye lundo la udongo kuelekea kwenye kaburi, akasimama kabla ya kufika, akarusha kichwa begani, akageuka. Watu waliangua kicheko, hata mchungaji alificha uso kwenye kitabu. Mtani akainama juu ya jeneza, akaligonga.

"Muongo wewe!" alisema kwa sauti ya juu. "Unanisikia? Muongo! Hakuna dubu!"

Hasira ilinipanda mpaka macho yakawa hayaoni. Baba yangu, siku ya mwisho, mbele ya ukoo mzima, anaitwa muongo na hawezi kujibu. Tangu siku hiyo nilimnunia yule mama, na sikuwa na mpango wa kununua kwake hata kiazi. Nikienda sokoni Uyole nilivuka barabara kuu katikati ya malori, ili nisipite mbele ya meza yake. Viazi vyake vilikuwa vizuri kuliko vya wenzake wote. Nilikula vibaya kwa miaka, roho safi.

Mwaka juzi mwanangu wa kike, anayefanya kazi Afrika Kusini, aliniita nikamtembelee. Nilipanda basi Tunduma, tukakatiza nchi za watu mpaka miguu ikavimba kama ya mjamzito. Siku ya mapumziko yake akanipeleka bustani ya wanyama. Nilimlalamikia sana. Simba nimewaacha kwetu, twiga nimewaacha kwetu, nilipe kiingilio kuwaona tena huku? Kisha tukakuta kibao kina mshale na picha ya mnyama mkubwa mwenye masikio ya duara.

"Dubu?" nikamuuliza.

"Dubu, mama. Ndio maana nimekuleta. Afrika hii yote hakuna dubu porini, huyu waliletewa."

Nilitangulia mbele, miguu imesahau kuvimba. Alikuwa peke yake nyuma ya handaki na ukuta mfupi, wa kahawia, rangi ileile ya koti, mabega yameinuka, manyoya ya mgongoni yana vumbi. Eneo lake kubwa, lina majani na magogo na dimbwi la maji, naye hana habari navyo. Anatembea. Nyayo zake zinaangalia ndani. Alikuja upande wetu, akafika mahali ambapo hapakuwa na jiwe wala mti wala kitu chochote, akasimama, akarusha kichwa begani, akageuka. Akaenda, akarudi. Palepale majani yalikuwa yamekwisha, pamebaki udongo mtupu.

"Baba," nilisema kwa sauti, watu wakanitazama.

Mwanangu alikuwa anasoma kibao. Akanieleza kwamba dubu huyo alikulia kwenye sarakasi, ndani ya kizimba kidogo. Walipomleta hapa wakampa nafasi yote hii, lakini bado anageukia pale nondo zilipokuwa zinaishia.

Basi nikaelewa kwa nini baba alikuwa akivua koti ananyamaza. Hakuwa amechoka. Alikuwa amemhurumia yule wa Ujerumani, labda naye alikuwa na kisa kama hiki, na hakujua namna nyingine ya kutuambia. Sisi tulikuwa tunacheka. Roho iliniuma, nikalia palepale, watoto wa watu wanakula bisi wananiangalia. Halafu nikafuta machozi, nikatoa simu, nikamrekodi dubu mpaka mkono ukachoka. Nilikuwa namfikiria mtu mmoja tu. Sasa nimempata, nikasema. Mgongo wa mama wa Kijerumani haupo humu.

Niliporudi Mbeya, begi sikulifungua kwanza. Nilikwenda moja kwa moja sokoni Uyole, na safari hii sikuvuka barabara. Mtani alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya magunia ya viazi, amezeeka, amekuwa mdogo. Alinikazia macho.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo umepotea njia?"

"Nimekuletea kitu," nikasema, nikampa simu mkononi.

Alitazama. Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kumwambia, nimeyapanga tangu Tunduma. Lakini hakubisha. Dubu alipogeuka, kile kichwa cha mtani, na kitambaa chake, kikaenda begani chenyewe kidogo. Alitazama mpaka mwisho.

"Ndiye," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akifanya. Hakukosea hata kidogo."

"Kwa hiyo hakuwa muongo."

"Baba yako? Muongo?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama viazi vinaota juu ya mti. "We mtoto una akili kweli? Baba yako hata kwenye karata alikuwa hawezi kudanganya. Nilimwamini tangu siku ile ya kwanza ameshuka kwenye gari."

Hapo hasira yangu yote ikarudi. "Sasa mbona ulimwita muongo maisha yake yote?"

"Kwa sababu waliomkubalia hawakutaka kusikia tena. Mchungaji alimkubalia, yakaisha. Mama yako alimkubalia, akamwambia chai inapoa. Yule mtu alikuwa na kitu kimemkaa moyoni, alitaka kukionyesha. Mimi nikisema muongo, ananyanyuka. Ningesema ndiyo, angebaki amekaa."

Lori lilipita barabarani, ikabidi tusubiri.

"Na kaburini?" nikauliza. "Kaburini pia ulimwita muongo."

Alinirudishia simu. Akashika kiazi, akakifuta udongo kwa kidole gumba, akakiweka chini, akakichukua tena.

"Kaburini nilitaka anyanyuke," akasema.

Maneno yangu yote niliyoyapanga tangu Tunduma yaliyeyuka, nikakaa juu ya gunia la mtu nikalia kwa mara ya pili kwa ajili ya mnyama ambaye kwetu hayupo. Mtani aliniacha nilie. Alipoona nimetulia, alijipangusa uso na ncha ya kanga, akavuta pumzi, na ile sauti ya dirishani Mgololo ikatoka, imekwaruza lakini ni ileile.

"Acha kunitisha na simu yako hapa. Huyo ni nguruwe kavaa koti. Mnyama gani anageuka kabla ya ukuta? Muongo wewe, kama baba yako!"

Wauza nyanya waligeuka kutuangalia. Nikanyanyuka pale penye magunia, nikainamisha mabega, nikamwonyesha.