Mgongo wa Bibi Harusi

Juzi nilipeleka mgongo wangu kwenye zahanati binafsi, mojawapo ya hizi ambazo biashara huria imetuletea hapa Lushoto. Mbele yangu alifika bibi harusi kutoka Mlalo, amesindikizwa na mama mkwe wake. Binti alimpigia goti kila mzee aliyekaa kwenye benchi, akainama na kumpa shikamoo yake, huku mkono mmoja ameshika kiuno.

Mnyoosha viungo alimbonyeza mgongo mbele yetu sote.

"Unalima?"

"Bado sijapewa shamba."

"Unabeba kuni?"

"Hapana. Naamkia wakwe."

"Kwani ni wengi?"

Binti akaonyesha dirishani. "Mlima wote ule."

Benchi zima tulikohoa kuficha kicheko. Mama mkwe hakukohoa. Alitazama ule mlima, kisha akasema, "Mwanangu, kuanzia leo niamkie umesimama. Hao wengine nitawaambia mimi."

Kwa furaha, binti akapiga goti kumshukuru. Wote tukasema kwa pamoja, "Simama."

Mtaalamu alimwagiza ale mchicha, anywe maziwa na alalie godoro gumu. Sawa. Lakini dawa yenyewe ilikuwa imeshatolewa, na mwenye leseni ya kuitoa ni mama mkwe peke yake.