Mtoto wa Jaani

Wanangu wawili wa mwanzo niliwazika Kaole, mmoja hajafika arubaini, mwingine ameanza kutambaa. Kwa hiyo alipozaliwa wa tatu, msichana, miaka michache kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao Bagamoyo, tulifanya kama walivyofanya waliotutangulia. Siku ya saba alilazwa ndani ya ungo, akapelekwa jaani, akawekwa juu ya majivu na maganda ya muhogo. Jirani yangu, aliyekwisha kuambiwa apite saa ile, akapita, akamwokota. Nami nikamnunua kwake kwa kibaba cha mtama. Tangu hapo alikuwa mtoto wa jaani na mimi mnyonyeshaji tu, ili kifo kikija kuuliza kisimkute mtoto wa mtu.

Wengine huifanya desturi hii mbele za watu, wakiingia ndani wanambusu mtoto mpaka analia. Mimi niliogopa hata ndani. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mtu akisema mashaallah, nilimpigapiga mtoto mgongoni nikajibu, "Si wangu." Akitabasamu, nilitazama kando. Nilimnyonyesha kimya, nikamwogesha kimya, maana nilidhani furaha yangu ikisikika tu, nitachimba kaburi la tatu.

Hakufa. Alinenepa, akatembea. Lakini alipokaribia miaka mitatu hakuwa na neno hata moja. Nazi ikidondoka uani aligeuka. Nikimwita mimi, hageuki. Alikaa mlangoni akichota mchanga kwa kifuu, wapagazi wanapita na ngoma zao, wala hainui uso.

Mama mkwe alikuja kutoka Mkange, akamtazama siku tatu.

"Mwanangu," aliniambia, "huyu ana wenyewe, na si sisi. Masika yakianza nitakuja kumchukua. Kwetu yuko mganga wa pepo wa kumtazama."

Mume wangu aliinama akasema, "Naam, mama." Nilimchukia kwa ile naam yake.

Nilimwandikishia kombe. Mwalimu aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, nikaziosha kwa maji, mtoto akanywa. Mara tatu. Akabaki vilevile, nami nikakata tamaa kabisa.

Asubuhi moja nilimkosa mlangoni, nikamkuta barazani kwa jirani. Wameketi kwenye mkeka wakisukumiana kidaka, kile kinazi kichanga kinachopukutika. Jirani alikisukuma, akafungua kiganja, akangoja. Akangoja sana. Mtoto akakirudisha, akacheka. Sikuwahi kusikia kicheko kile. Nilisimama pale nikiona wivu.

"Kwako anacheka," nilisema.

"Mimi nimeokota tu, shoga, sina ninachoogopa," alinijibu. "Wewe umepata kucheka naye lini?"

Kesho yake nilitandika mkeka, nikasukuma kidaka. Akakiacha kikapita. Nilijifunika uso kwa leso, nikajifunua, akanipa mgongo. Siku baada ya siku, na mawingu yanazidi kukusanyika. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamshika kidevu nimgeuze anitazame. Alipiga ukelele mpaka jirani akaja mbio.

"Hachezeshwi hivyo huyo," alisema, amekasirika kweli. "Kaa chini. Fanya afanyalo yeye."

Nikatafuta kifuu changu, nikakaa mchangani, mtu mzima mimi. Akichota, nachota. Akimwaga, namwaga. Akiacha, naacha. Siku ya nne aliinua kifuu akakizuia juu, hamwagi, akautazama mkono wangu kama nao utangoja. Ukangoja. Alipomwaga, nikamwaga, na machozi yakamwagika pamoja. Baada ya hapo kidaka kilianza kurudi. Neno halikuja.

Mvua ya kwanza ilimleta mama mkwe. Alifika amelowa, nikamwamkia kwa kumshika miguu, akaketi barazani akaniambia nifunge nguo za mtoto. Sikufunga. Niliketi mkekani nikasukuma kidaka, kikarudi, nikasukuma, kikarudi. Safari ya tatu nilikifumba kiganjani, nikamtazama mtoto, nikangoja kama nilivyomwona jirani akingoja.

Mtoto alikitazama kiganja. Akakitazama tena. Kisha akainuka, akaja nyuma yangu, akanipigapiga mgongoni kidogo, sawasawa kama nilivyokuwa nikimfanya yeye, akainama kunitazama usoni.

"Si wangu," akasema.

Maneno yenyewe hayo, safi, kwa sauti niliyokuwa siijui. Miaka mitatu alikuwa akinisikiliza, na hayo ndiyo niliyokuwa nimempa.

"Amesema," alisema mama mkwe, taratibu.

"Ni wangu," nilijibu. Nikasema tena kwa sauti, nikiielekea njia na mvua na kila anayepita kuuliza. "Nimemzaa mimi. Ni wangu mimi."

Mama mkwe alijiziba mdomo kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani. Hakutaja tena habari ya nguo.

Nami nilipokwisha kusema, hofu ya kaburi la tatu ikanirudia. Nilimvuta mtoto, nikamwekea kiganja kwenye paji la uso kutazama kama homa imeanza. Yeye akadhani ni mchezo. Akangoja kidogo, kisha akaniwekea chake.