Chale Mbili kwenye Mpini

Shemeji yangu aliuza testa mbovu akijua ni mbovu. Ilipomuunguza kaka yake mkono, alikaa kwenye benchi la duka lake akawaambia watu kwamba kaka yake alikuwa amelewa. Kaka yake huyo ni mume wangu, na tangu nimjue pombe hajaionja.

Mume wangu ni fundi umeme. Watu wanamwita Hakikisha, na jina hilo walimpa kwa kumcheka. Hagusi waya kabla ya kuugusisha testa, kisha anairudia, kisha anairudia tena, huku mwenye nyumba amesimama pembeni anapiga miayo. "Fundi, unapima umeme au unausalimia?" humuuliza. Yeye hujibu, "Nausalimia. Usipoitika ndiyo naingia."

Kwa wasiojua, testa ni bisibisi ndogo yenye taa ndani ya mpini. Unagusisha ncha kwenye waya, unaweka kidole nyuma, taa ikiwaka ujue waya una moto. Ni kitu cha bei ya chini, lakini uhai wa fundi unakitegemea.

Mimi sikusoma. Vifaa vya mume wangu navitia alama kwa kisu, chale mbili kwenye mpini, ili mafundi wenzake wasije wakavibeba. Testa aliyokuwa nayo mwaka jana niliitia chale hizo. Ikaanza kuchagua siku: leo inawaka, kesho imenuna. Hakikisha akaniambia niirudishe kwa mdogo wake, maana yeye mwenyewe ana haya kumdai ndugu.

"Shemeji, hii taa inafanya kazi ikijisikia," nikamwambia.

"Ah, shemeji nawe! Kidole umeweka nyuma?"

"Nimeweka mpaka kimeota sugu."

Akacheka, akanipa nyingine. Ile mbovu akaitupa kwenye boksi chini ya meza. Nikamuuliza, "Hiyo unaipeleka wapi?" Akajibu, "Jalalani, itaenda wapi tena?"

Ile aliyonipa ilidumbukia shimo la choo kwa mteja mmoja, na hakuna aliyeifuata. Basi Hakikisha akapita mwenyewe dukani, akauziwa testa iliyofungwa kwenye nailoni mpya, imebanwa pini. Kwa mdogo wake hakuwa na shaka. Aliifungua nyumbani mbele yangu, akaichomeka kwenye soketi yetu. Ikawaka. Mimi nilikuwa nafua, sikuishika. Kwa hilo najilaumu mpaka leo.

Siku aliyoungua alikuwa anabadilisha swichi kwa mama mmoja mwenye nyumba za kupanga. Alizima swichi kubwa. Kumbe mafundi waliomtangulia walipitisha waya mwingine kwa pembeni, na huo haukuzimika. Alipima mara tatu, kama kawaida yake. Taa haikuwaka hata mara moja. Akashika. Yule mama anasema alimsikia akiita "Mama!" mara moja tu, kisha kishindo cha ngazi.

Vidole vitatu vya mkono wa kulia havikunjiki tena. Kijiko anashikia kushoto.

Nilipokwenda kwa yule mama kuchukua mfuko wake wa kazi, nikaikuta ile testa. Mpini ulikuwa umesuguliwa kwa msasa, lakini chale zangu huwa nazizamisha. Nikapitisha ukucha, nikazihesabu: mbili.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda dukani, wateja wakiwa wamejaa.

"Shemeji, jalala lako liko ndani ya nailoni?"

"Chale hata panya anatia," akasema.

"Panya wa kwako ana kisu na msasa?"

Watu wakacheka. Nikaichomeka kwenye soketi yake ya ukutani, penye redio inayolia. Ikawaka. Naye akapiga makofi. "Mmeona? Kifaa kizima! Mtu akipanda ngazi amelewa, testa itamshika mkono?"

Nikaichomoa, nikairudisha. Giza. Nikairudisha tena. Giza, na redio bado inaimba. Mara ya nne, giza. Mara ya tano ikawaka kama vile haikufanya kosa lolote. Fundi mmoja wa kuchomelea alikuwa ameshika testa mpya mkononi. Aliiweka mezani taratibu, akaondoka bila kuaga.

"Shemeji, twende ndani," akaninong'oneza. "Mambo haya tuyazungumze kifamilia."

"Ulipomwita mlevi ulikuwa ndani?"

Akaingia ndani peke yake. Tangu siku hiyo ametuma mchele, ametuma mafuta, amemtuma mke wake aje alie kwangu. Nilimkaribisha mke wake kwa chai, vitu nikavirudisha. Hakikisha ananiambia, "Mwache, ni mdogo wangu." Lakini namwona anavyokaa mlangoni mchana kutwa, mafundi wenzake wakipita na ngazi zao bila kumwita hata akawasimamie. Nani atamwita mlevi akapime umeme? Mkono haurudi, hilo tumekubali. Jina linaweza kurudi, na aliyelichukua namjua.

Shemeji akae kwenye benchi lile lile, mchana, duka limejaa, aseme kwa kinywa chake: "Kaka yangu hakuwa amelewa. Alipima mara tatu. Testa ilikuwa mbovu, nami nilijua." Maneno hayo bado anadaiwa, na mchele hauyalipi.