Maduara Mawili ya Ukubwa Mmoja

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Likizo moja nilichukuliwa na wageni wa mradi wa mazingira kutoka ng'ambo niwe mkalimani wao: Kisukuma nimekinyonya, Kiingereza nimekisomea. Tulianzia Geita, tukaishia Kishapu, kwenye ukumbi wa kanisa uliojaa wafugaji.

Mtaalamu wao, kijana mpole, alionyesha ukutani maduara mawili, moja la nchi yake, moja la Tanzania. Alieleza kwamba ng'ombe akicheua hubeua gesi iitwayo methani, na gesi hiyo huongeza joto duniani. Kila duara lilikuwa methani yote ya nchi, na sehemu ya mifugo ilipakwa nyekundu. Kwenye duara lao ilikuwa kipande tu. Kwenye letu ilimeza sehemu kubwa ya duara.

"Waambie mifugo yao ina sehemu kubwa kuliko yetu," alisema.

Nikawaambia. Watu wakainamisha vichwa kama walioambiwa wananuka.

Mjane mmoja akasimama. Ukame ulikuwa umemwachia ng'ombe sita. Waliokufa aliwaburuta mwenyewe hadi korongoni.

"Mwalimu, muulize. Maduara yako sawa. Ina maana gesi yao yote na yetu yote ni sawa?"

Jibu nilikuwa nalo. Njiani nilikuwa nimemuuliza mtaalamu swali hilohilo, akakiri kwamba jumla ya kwao inaizidi yetu mbali sana: visima vya mafuta, migodi ya makaa, mabomba ya gesi, majalala, vyote vinavuja methani ileile. Ndiyo maana sehemu ya ng'ombe wao inaonekana ndogo. "Lakini hiyo ni mada nyingine," akasema.

Muda ulikuwa umekwisha, harufu ya pilau ilishaingia ukumbini, nami nilitaka wageni waniite tena kazini. Nikamgeukia mtaalamu: "Anauliza kama atapata nakala ya mchoro."

"Ndiyo, bila shaka," akajibu akitabasamu.

Nikamgeukia mama yule. "Anasema ndiyo."

"Basi tumezidi," akasema, akaketi.

Wakati wa chakula wageni walijaza sahani nyama ya ng'ombe, wakaiacha nusu. Mafuta yakaganda, nzi wakatua. Mama yule akanijia na sahani yake ambayo hakuigusa.

"Kwa hiyo hawa sita nao niwapunguze?"

"Sijui, mayu," nikamjibu, yaani mama kwa Kisukuma.

Nilirudi mezani kwa wageni, nikapokea bahasha ya malipo yangu.

Wiki mbili baadaye nilimfuata mnadani.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba."

Nikamweleza yote, na jinsi nilivyopindisha swali lake. Alisikiliza akiwa ameshika kamba tupu.

"Ulijua siku ileile?"

"Nilijua."

"Dume langu limeondoka na lori asubuhi hii," akasema. Akatema mate pembeni, akaenda zake.

Jumapili ile nilimwomba mchungaji nafasi baada ya ibada. Nikasimama mbele ya wafugaji walewale na chaki, nikachora ubaoni duara letu dogo, la wale wageni kubwa, kisha nikasema nani aliyewadanganya. Mzee mmoja akanguruma, "Na mshahara wa uongo huo ulikula?" Nikasema nilikula. Mama yule alikuwa benchi la mbele. Alilitazama lile duara kubwa mpaka mwisho. Mimi hakunitazama hata mara moja.